Sanduku Moja, Sauti Nyingi: Jinsi Amplifaya ya Gitaa Inavyoiga Amplifaya Nyingine

Ngaramtoni ni mji mdogo ulioko kando ya barabara kuu iendayo Namanga, kilomita chache kutoka Arusha mjini, kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru. Msafiri apitaye hapo hulijua soko lake, na mkulima hukijua kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian kilicho jirani. Lakini upo upande mwingine wa maisha ya mji huo ambao unamhusu mwanafunzi wa fizikia, nao ni muziki. Kwaya za makanisa hufanya mazoezi jioni, harusi na kipaimara huhitaji wapigaji, na gitaa la umeme limekwisha kuwa chombo cha kawaida.

Katika makala haya tutachunguza chombo kinachokwenda pamoja na gitaa hilo, yaani amplifaya, na hasa aina yake mpya ambayo tutaiita amplifaya ya kuiga. Hii ni amplifaya moja inayoweza kutoa sauti za amplifaya nyingi za aina mbalimbali kwa kuzungusha kitufe tu. Tutamchukua kama mfano mpiga gitaa mmoja wa Ngaramtoni aliyeitumia amplifaya ya namna hiyo kwa muda wa miaka miwili. Jumamosi usiku yeye hupiga katika harusi mjini Arusha. Jumapili asubuhi huisindikiza kwaya kanisani. Kazi hizo mbili zahitaji sauti mbili tofauti kabisa, na fedha aliyokuwa nayo ilitosha kununua chombo kimoja tu. Swali alilotuuliza lilikuwa hili: je, sauti zilizomo ndani ya sanduku hilo ni za kweli, au ni udanganyifu mtupu? Swali hilo ni la maana, na jibu lake limo ndani ya masomo ya fizikia na hisabati yanayofundishwa katika shule zetu za sekondari.

Safari ya sauti kutoka uzi hadi spika

Gitaa kavu hutoa sauti yake kwa msaada wa kifua cha mbao, ambacho hupokea mtetemo wa nyuzi na kuusukuma hewani. Gitaa la umeme halikitegemei kifua hicho. Chini ya nyuzi zake huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Wapigaji huiita pikapu. Uzi wa chuma unapotetemeka karibu na sumaku hiyo, uga wa sumaku unaopita katika koili hubadilika, na kwa kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831, volteji huzaliwa katika waya.

Volteji hiyo hupanda na kushuka kwa kadiri ile ile ambayo uzi hutetemeka. Katika gitaa lililowekwa sawa, uzi mnene kuliko zote hutetemeka mara 82.4 kwa sekunde, yaani frikwensi yake ni hezi 82.4. Nyuzi zinazofuata ni hezi 110, 146.8, 196, 246.9 na, kwa uzi mwembamba wa mwisho, 329.6.

Tatizo ni kwamba volteji ya pikapu ni ndogo sana, kwa kawaida makumi au mamia machache ya milivolti. Tuchukue spika yenye ukinzani wa omu 8 ambayo twataka ipokee nguvu ya wati 50. Kwa kuwa nguvu ni sawa na kipeo cha pili cha volteji kugawanywa kwa ukinzani, twahitaji volti 20, na mkondo wa ampea 2.5. Ikiwa pikapu inatoa volti 0.1, basi amplifaya sharti iikuze volteji hiyo mara 200, tena itoe mkondo ambao pikapu yenyewe isingeweza kuutoa kamwe. Hiyo ndiyo kazi ya amplifaya: kuchukua nguvu kutoka katika umeme wa ukutani, na kuipa umbo la wimbi dogo litokalo katika gitaa.

Valvu, na kasoro iliyogeuka kuwa uzuri

Amplifaya za kwanza zilitumia valvu. Mwaka 1904 John Ambrose Fleming wa Uingereza alitengeneza valvu iliyopitisha mkondo upande mmoja tu. Mwaka 1906 Lee De Forest wa Marekani aliongeza kipande cha tatu ndani yake, yaani gridi, na kwa njia hiyo volteji ndogo ikaweza kuutawala mkondo mkubwa. Transista ilizaliwa baadaye, mwezi Desemba 1947, katika maabara za Bell huko Marekani.

Mhandisi wa kawaida hutaka amplifaya yake ilikuze wimbi bila kulibadili umbo. Lakini kila amplifaya ina kikomo. Wimbi likiwa kubwa mno, amplifaya hushindwa kulifuata hadi kileleni, na vilele vyake hupunguzwa. Transista nyingi hufika kikomo ghafula, na vilele huwa kama vimekatwa kwa panga. Valvu hukaribia kikomo polepole, na vilele huviringwa kwa ulaini. Wapiga gitaa wa Marekani na Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960 waligundua kwamba sauti ya valvu iliyozidiwa ilikuwa nene, yenye joto, na yenye kudumu. Kile ambacho mhandisi alikiona kuwa kasoro, mwanamuziki alikipokea kuwa uzuri. Amplifaya za Fender za California, na zile za Vox na Marshall za Uingereza, zikawa na sifa kila moja kwa sauti yake, kwa sababu valvu, transfoma, chujio na spika zake zilikuwa tofauti.

Wapigaji wetu wa muziki wa dansi walikuwa na mahitaji mengine. Katika bendi kama Morogoro Jazz, aliyoipigia Mbaraka Mwinshehe (1944–1979), au NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964, gitaa la solo, la rithimu na la besi hujibizana, na msikilizaji hutakiwa kulisikia kila moja likiwa peke yake. Kwa hiyo sauti safi ilithaminiwa. Tutaona hivi punde kwamba uchaguzi huo una sababu yake katika hisabati.

Hesabu inayoonyesha asili ya ladha hiyo

Hebu tuieleze valvu kwa mlinganyo rahisi. Tuseme wimbi linaloingia ni x, na linalotoka ni y, na kwamba

y = x − x³/3.

Mlinganyo huu si picha kamili ya valvu yoyote, lakini unaonyesha tabia yake kuu: x ikiwa ndogo, y inakaribia kuwa sawa nayo, x ikikaribia 1, y hubaki nyuma. Sasa tuingize wimbi la namna moja tu, x = A sin θ. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wanajua kwamba sin³θ = (3 sin θ − sin 3θ)/4. Tukiitumia kanuni hiyo twapata

y = (A − A³/4) sin θ + (A³/12) sin 3θ.

Tazama jambo la ajabu lililotokea. Tuliingiza frikwensi moja, zikatoka mbili: ile ya kwanza, na nyingine iliyo mara tatu yake. Frikwensi hiyo mpya huitwa hamoniki ya tatu. Mpigaji akigusa uzi kwa upole, tuseme A = 0.1, hamoniki hiyo ni kama sehemu 8 tu katika 10,000 za wimbi la asili. Akipiga kwa nusu ya nguvu, A = 0.5, inafikia asilimia 2.2. Akipiga kwa nguvu zote, A = 1, inakuwa asilimia 11. Kwa maneno mengine, rangi ya sauti hubadilika kufuatana na mkono wa mpigaji. Hii ndiyo siri ya kile ambacho wanamuziki hukiita amplifaya inayoitika. Na kama uzi uliopigwa ni ule wa hezi 110, hamoniki yake ya tatu ni hezi 330, ambayo ni karibu sawa kabisa na uzi mwembamba wa mwisho. Ni kama uzi ambao haukuguswa nao umeanza kuimba.

Lakini mambo hubadilika mpigaji anapopiga nyuzi mbili kwa pamoja, kama wapigaji wa dansi wapendavyo kufanya. Mlinganyo ule ule, ukipewa hezi 220 na hezi 277 kwa wakati mmoja, hutoa pia hezi 163 na hezi 334, yaani mara mbili ya moja ukitoa nyingine. Frikwensi hizo ziko karibu na noti za gitaa za hezi 164.8 na 329.6, lakini hazilingani nazo sawasawa. Sikio husikia ukungu na mkwaruzano. Kwa hiyo yule anayepiga noti moja moja atainufaisha sauti yake kwa valvu iliyozidiwa, na yule anayepiga nyuzi mbili mbili atapendelea amplifaya iliyo tulivu. Hakuna ladha iliyo bora kuliko nyingine. Kila moja ina hesabu yake.

Kuugeuza umeme kuwa namba

Mlinganyo wetu uliandikwa kwa kalamu. Je, hauwezi kukokotolewa na mashine papo hapo, wakati gitaa likipigwa? Hilo ndilo wazo la msingi la amplifaya ya kuiga.

Kwanza mashine huupima umeme wa gitaa mara nyingi sana kwa sekunde, kwa kawaida mara 44,100 au 48,000, na kila kipimo huandikwa kama namba. Vipimo hivyo huitwa sampuli. Kwa kasi ya sampuli 48,000, mtetemo mmoja wa uzi wa hezi 110 huelezwa kwa sampuli zipatazo 436. Kila sampuli ikiandikwa kwa biti 24, mashine inazo ngazi 16,777,216 za kuchagua, na hatua kati ya ngazi na ngazi ni ndogo kuliko sikio liwezavyo kuhisi.

Huenda msomaji akauliza: je, yale yaliyotokea kati ya sampuli na sampuli hayapotei? Kazi za Harry Nyquist ya mwaka 1928 na Claude Shannon ya mwaka 1949 zilionyesha kwamba hayapotei, mradi wimbi lisiwe na frikwensi inayofikia nusu ya kasi ya sampuli. Kwa kasi ya 48,000 mpaka huo ni hezi 24,000, na sikio la kijana mwenye afya haliendi mbali kupita hezi 20,000.

Hata hivyo, hapa pana mtego. Tumeona kwamba valvu huzalisha frikwensi mpya. Kama hesabu ya mashine itazalisha hamoniki ya hezi 30,000, mashine haiwezi kuiandika ilivyo. Itaigeuza kuwa hezi 18,000, sauti ya uongo isiyo na uhusiano wowote na noti iliyopigwa. Ili kuukwepa mtego huo, mashine huongeza kasi ya sampuli ndani yake, pengine mara 4 hadi 192,000 au mara 8 hadi 384,000, hufanya hesabu ya valvu, huchuja frikwensi zilizozidi mpaka, kisha hurudi kwenye kasi ya kawaida.

Njia mbili za kuiga

Zipo njia kuu mbili za kuipata hesabu inayofaa. Njia ya kwanza ni ya kuifuata sakiti. Wahandisi huchukua amplifaya halisi, hupima kila rezista, kapasita, transfoma na valvu, na kuandika milinganyo ya kila sehemu jinsi inavyofanya kazi na jirani yake. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa mwaka 1995 chombo kiitwacho VG-8 kilichoiga magitaa na amplifaya kwa hesabu. Mwaka 1996 kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa amplifaya ya AxSys 212, na tangu hapo aina hizo zimezidi kuwa nyingi na bei yake kupungua.

Njia ya pili haiulizi kilichomo ndani. Amplifaya huchukuliwa kama sanduku lililofungwa. Huingizwa sauti maalumu upande mmoja, na kinachotoka upande wa pili hupimwa. Kisha mashine hutafuta hesabu itakayoleta matokeo yale yale. Kampuni ya Kemper ya Ujerumani ilitoa mwaka 2011 amplifaya inayomwezesha mwanamuziki mwenyewe kupima amplifaya aliyo nayo na kuhifadhi picha yake. Siku hizi kazi hiyo hufanywa pia kwa mitandao ya neva bandia, yaani hesabu zinazojirekebisha zenyewe kidogo kidogo hadi tofauti kati ya sauti halisi na ya kuiga iwe ndogo sana.

Spika nayo sharti iigwe, kwa sababu spika ya gitaa hudhoofisha sana sauti zilizo juu ya hezi 5,000 hivi, na bila kufanya hivyo sauti iliyozidiwa huwa kama nyuki ndani ya kopo. Mbinu itumikayo ni rahisi kueleza. Ukipiga kofi moja kali ndani ya kanisa tupu, utasikia kofi lenyewe na mfuatano wa miangwi inayofifia. Mfuatano huo ni kama alama ya kidole ya jengo hilo. Kwa kuwa sauti yoyote ni mlolongo wa makofi madogo madogo, ukiijua alama hiyo waweza kukokotoa jinsi wimbo wowote utakavyosikika humo. Spika pia ina alama yake, tena fupi zaidi. Ikiandikwa kwa sampuli 1,024, ambazo ni kama milisekunde 21, mashine itafanya mazidisho 1,024 kwa kila sampuli inayoingia. Zidisha kwa 48,000, utapata mazidisho 49,152,000 kila sekunde. Hesabu ya kiasi hicho, ambayo zamani ilihitaji kompyuta ya kujaza chumba, sasa hufanywa na kipande cha silikoni kisichozidi ukucha.

Kazi yote hiyo huchukua muda, kwa kawaida milisekunde chache. Je, mpigaji hatachelewa? Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 343 kwa sekunde katika nyuzijoto 20, kwa hiyo katika milisekunde 3 huenda mita 1 tu. Mpigaji aliyesimama mita 3 kutoka kwenye spika yake huisikia ikiwa imechelewa kama milisekunde 9, naye halalamiki. Mchelewesho mdogo wa mashine ni kama kurudi nyuma hatua moja.

Yaliyoonekana Ngaramtoni

Sasa tumrudie mpiga gitaa wetu. Faida aliyoiona kwanza ni ya kiasi cha sauti. Valvu haitoi sauti yake nene mpaka izidiwe, na amplifaya ya valvu ya wati 50 ikizidiwa itawaondoa waumini kanisani. Wala kuchukua ya wati 5 hakusaidii sana, kwa maana kupunguza nguvu mara 10 ni kupunguza desibeli 10 tu, ambazo sikio huzihesabu kuwa kama nusu ya kelele. Katika amplifaya ya kuiga, kuzidiwa hufanyika ndani ya hesabu, na kitufe cha mwisho huamua ukubwa wa sauti. Aliweza kufanya mazoezi usiku bila kuwaamsha majirani.

Faida ya pili ni umeme. Valvu kubwa ya aina ya EL34 hutumia wati 9.45 kwa kupasha moto waya wake tu, kabla ya kutoa sauti yoyote; valvu ndogo ya 12AX7 hutumia wati 1.9 hivi. Amplifaya yenye mbili za kwanza na tatu za pili huteketeza karibu wati 25 kwa kupasha moto peke yake. Zipo amplifaya ndogo za kuiga zinazoendeshwa kwa betri, jambo lenye manufaa umeme unapokatika katikati ya ibada.

Lakini alikutana pia na jambo lililomtatiza. Sauti alizozipanga nyumbani kwa uangalifu, zilizokuwa tamu kwa kiasi kidogo, ziliharibika ukumbini: besi ilinguruma na sauti za juu zikachoma masikio. Alidhani mashine ni mbovu. Kumbe sababu imo katika sikio la binadamu. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio letu huzisikia hafifu frikwensi za chini sana na za juu sana. Sauti ikiongezeka, tofauti hiyo hupungua. Aliyepanga kwa sauti ndogo huongeza besi ili kufidia, na ukumbini fidia hiyo huwa ni ziada. Tangu alipoelewa hivyo, hupanga sauti zake kwa kiasi kile kile atakachotumia, wakati bendi inapojaribu vyombo.

Jambo jingine alilojifunza ni kwamba sauti inayopendeza ikiwa peke yake haifai daima katika bendi. Besi ya gitaa hupigana na gitaa la besi, na sauti za juu hupotea ndani ya matoazi. Solo husikika kwa frikwensi za katikati, takriban kati ya hezi 500 na 3,000. Akiziongeza hizo na kupunguza nyingine, solo hutokeza bila kuongeza wati hata moja.

Fundi na sanduku lililofungwa

Tusiisifu mashine bila kueleza udhaifu wake. Amplifaya ya valvu hueleweka kwa macho. Fundi redio mwenye mita na lehemu huifungua, huiona rezista iliyoungua, na kuibadilisha. Tahadhari ni moja: ndani yake mna volti 400 hivi, ambazo hubaki katika kapasita hata baada ya kuzimwa, nazo zaweza kuua. Isitoshe, valvu siku hizi hutengenezwa na viwanda vichache, hasa vya Slovakia, Urusi na China, na kuzipata Arusha si rahisi.

Amplifaya ya kuiga ni kinyume chake. Haina haja ya valvu, lakini vipande vyake ni vidogo mno, na programu iliyomo haisomeki na fundi. Siku moja umeme ulipanda ghafula na amplifaya ya mpigaji wetu ikazimika. Fundi mmoja wa mjini aliifungua akakuta kwamba kilichoungua ni sehemu ya kuingizia umeme, yenye daiodi na kapasita za kawaida, akaitengeneza kwa gharama ndogo. Kama ingeungua prosesa yenyewe, pengine sanduku zima lingetupwa. Funzo ni kwamba kifaa cha kudhibiti volteji ni sehemu ya vyombo vya muziki, si anasa. Na kwamba mafundi wetu wanafaa wafundishwe namna ya kutenganisha sehemu inayotengenezeka na isiyotengenezeka, kabla mwenye chombo hajakata tamaa.

Sauti gani zimehifadhiwa?

Sasa twaweza kulijibu swali la mpiga gitaa. Sauti zilizomo ndani ya sanduku si udanganyifu. Ni matokeo ya vipimo halisi vilivyoandikwa kwa lugha ya hisabati, na hewa itetemekayo mbele ya spika ni hewa ya kweli. Lakini jibu hilo lina sehemu ya pili iliyo na uzito zaidi: mashine huiga kile tu kilichopimwa, au kile ambacho mtu aliona kinastahili kupimwa.

Mpigaji wetu alitafuta katika orodha ya amplifaya yake sauti ya solo aliyoizoea katika nyimbo za dansi zilizorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam. Alikuta sauti za California na za London. Sauti aliyoitaka haikuwamo. Hakukata tamaa, alianza na amplifaya safi kuliko zote, akaondoa sehemu ya sauti za juu, akaongeza za katikati na mwangwi kidogo, akalinganisha kwa sikio na wimbo wa zamani, akarudia tena na tena hadi akaridhika. Kwa kweli alikuwa anafanya kazi ya njia ya pili tuliyoieleza, akitumia masikio yake badala ya mashine.

Kazi hiyo yaweza kufanywa kwa vipimo. Maktaba ya kanda iliyorithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania inazo rekodi za bendi hizo. Katika kumbi na nyumba za wanamuziki wakongwe huenda bado zimo amplifaya na spika zilizotumika. Chombo kinachofanya kazi kikipimwa leo, alama yake itahifadhiwa kwa namba, na mpigaji wa miaka ijayo ataweza kuitumia. Kikipelekwa kuuzwa kama chuma chakavu, hakuna hesabu itakayokirudisha. Hapahapa Ngaramtoni pana chuo cha uandishi wa habari na utangazaji cha Habari Maalum, na Arusha mjini kuna vyuo vya ufundi. Ujuzi unaohitajiwa hauko mbali. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nasi tuongeze kwamba ili atunzwe, sharti kwanza sauti yake itunzwe.

Majaribio ya darasani

1. Chora grafu ya y = x − x³/3 kwa x kutoka −1 hadi 1. Kisha chora wimbi x = A sin θ kwa A = 0.2 na A = 1, na chini yake wimbi y linalotokana nalo. Eleza tofauti ya vilele.

2. Onyesha kwa hesabu kwamba mlinganyo y = x + x²/4 huzalisha hamoniki ya pili. Tumia cos 2θ = 1 − 2 sin²θ.

3. Pasua puto katika ukumbi wa shule ukiwa mtupu, na urekodi mlio kwa simu. Pima muda ambao mwangwi unachukua kupotea. Rudia ukumbi ukiwa umejaa wanafunzi. Eleza ni kwa nini muda umepungua, na kwaya ingeimbaje katika hali hizo mbili.

4. Mpiga gitaa anasimama mita 5 kutoka kwenye spika yake. Kokotoa mchelewesho wa sauti kwa milisekunde, na ulinganishe na amplifaya ya kuiga inayochelewesha kwa milisekunde 4.